Utungu, Njiti na Lahaja za Jeni

Neno uchungu limetwishwa kazi nyingi kupita kiasi. Shubiri ina uchungu. Aliyefiwa ana uchungu. Aliyedhulumiwa husema kwa uchungu. Mama anayekaribia kujifungua naye ameshikwa na uchungu. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa, lakini istilahi ni neno linalotakiwa kusimama peke yake, juu ya fomu ya hospitali, katika kichwa cha utafiti, kwenye lebo ya kichupa cha damu. Hapo uchungu haujitoshelezi.

Tunalo neno utungu. Watu wa Mombasa na Lamu husema mato pale Waunguja wanaposema macho, na huteka pale wengine wanapocheka. Kwa mpito huohuo wa sauti, uchungu kwao ni utungu. Kamusi zetu zimelipokea neno hilo kwa maana ya maumivu ya kuzaa. Lugha yenyewe, bila kikao wala kamati, imechukua matamshi mawili ya neno moja ikayagawia maana. Nasema tuifuate. Uchungu tuuachie shubiri na msiba, utungu uwe wa mkunga.

Utungu nao una upungufu, tena si mdogo. Ndani yake mna maumivu, ilhali utungu unaokuja kabla ya siku zake mara nyingi hauanzi kwa maumivu makali. Huanza kwa tumbo kukaza na kuachia, kiuno kuvuta, uzito chini ya kitovu, maji kuchuruzika kidogo kidogo. Aliyeambiwa "ukisikia utungu, njoo" anaweza kukaa nyumbani akingoja maumivu, na saa za kufaa kwa matibabu zikampita. Kwa hiyo kando ya utungu liwepo neno mikazo. Mkazo ni tendo la msuli, unahesabika, unapimwa kwa dakika, na mkunga akiuliza "tumbo linakaza?" hakuna asiyeelewa. Wanaisimu wameshalichukua neno mkazo kwa ajili ya silabi, lakini wodi na darasa la fonolojia havitagongana.

Sasa wakati. Vipeperushi vingine huandika "uchungu wa mapema". Lakini mapema kwetu ni sifa: amka mapema, lipa mapema, panda mapema. Lugha humpongeza anayewahi. Neno lenye pongezi ndani yake halifai kutaja jambo ambalo mwaka 2020 liliwapata watoto milioni 13.4 duniani, takriban mmoja katika kila kumi, na ambalo madhara yake ndiyo sababu kuu ya vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano.

"Kabla ya wakati" ni afadhali, ila wakati ni mpana. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: kuzaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba. Angalia kitenzi kilichomo humo. Wazee wetu walikuwa nacho tangu zamani: miezi yake imetimu, siku zake zimetimia. Timu, timia, timiza, utimilifu, wote ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na kitenzi hiki hakipongezi wala hakilaumu. Kinahesabu tu. Nashauri tuseme utungu wa mimba isiyotimu.

Nimesema mimba isiyotimu, wala si mtoto asiyetimu. Mtu akiambiwa hajatimu, katika Kiswahili cha mtaani maana yake akili zake hazikukamilika. Kilichopungua ni wiki za mimba. Mtoto mwenyewe ni mtu kamili. Kiambishi kimoja kikikosewa, mzigo unahama kutoka kwenye kalenda na kutua juu ya kichanga. Nitarudi tena na tena kwenye kipimo hiki, maana ndicho ninachokitumia kwa kila neno la fani hii: je, jina hili linamshitaki nani?

Tulipime njiti kwa kipimo hicho. Njiti ni kijiti cha kiberiti, kitu chembamba, chepesi kuvunjika. Aliyeanza kumwita mtoto hivyo alitazama mikono na miguu tu. Kwa sababu hiyo wapo wanaotaka neno hili lifutwe, na ninawaelewa. Hata hivyo nchini Tanzania njiti limepita njia ambayo maneno machache hupita. Wazazi wenyewe wamelishika. Doris Mollel, aliyezaliwa njiti, amejenga taasisi yenye jina lake kwa ajili ya watoto hawa, na katika kampeni zake neno hilo hutajwa bila kuona haya, kama jina la ukoo. Neno la dharau likishikwa na wahusika wakalivaa kwa fahari, mwanaistilahi hana haki ya kuwavua. Libaki mitaani, redioni na katika vikundi vya akina mama. Katika jalada la hospitali pabaki maelezo ya wiki: amezaliwa mimba ikiwa na wiki 31. Wiki 28, 32 na 37 ndizo ngazi ambazo daktari huzitumia kupima uzito wa hali, na "mtoto wa miezi saba" halitoshi kuzibainisha.

Kutoka shina la -zaa tumechota mzazi, mzao, uzao, uzazi, uzawa na kizazi. Hili la mwisho hunifurahisha kuliko yote. Kizazi ni kiungo cha mwili, tunasema shingo ya kizazi, saratani ya kizazi. Kizazi pia ni watu wa zama moja: kizazi hiki, kizazi kijacho. Kiungo na ukoo vimekaa katika neno moja, na hapo ndipo utafiti wa leo unapochimba: je, yale tunayorithishana kizazi kwa kizazi yanaamuaje siku ambayo kizazi cha mama kitaanza kukaza?

Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wanawake 43,568 wenye asili ya Ulaya, ambao matokeo yake yalipimwa upya kwa wanawake wa nchi za Nordiki. Jeni za EBF1, EEFSEC na AGTR2 zilihusishwa na urefu wa mimba na pia na kuzaa kabla ya wiki 37. WNT4, inayofanya kazi katika kuutayarisha ukuta wa ndani wa kizazi uipokee mimba, ilihusishwa na urefu wa mimba. Watafiti walipolinganisha mama na watoto wao, dalili zilielekea kwenye jeni za mama: kizazi kwa maana zote mbili. Ila furaha ya msomaji ni taabu ya mwandishi wa fomu. "Jeni za kizazi" ni za kiungo au za ukoo? Kwa istilahi, basi, kiungo tukiite mji wa mimba, jina lenye heshima, ambamo mtoto hukaa kama mkazi. Kizazi tukiachie makala na mashairi.

Jeni yenyewe. Mwaka 1905 William Bateson wa Uingereza aliipa elimu ya urithi jina, na mwaka 1909 Mdenishi Wilhelm Johannsen akakata kutoka shina la Kigiriki la kuzaliwa neno fupi la kutaja kile kinachorithiwa. Jeni na kizazi, basi, ni ndugu wa maana ingawa hawana damu moja. Jeni imeingia katika Kiswahili bila kusumbua: ina irabu mwishoni, imeketi katika ngeli ya i-/zi-, inakubali jeni hii na jeni hizi. Mkopo mwema kama huu haumwibii mtu kitu.

Mpinzani wake ni kinasaba. Tanzania vinasaba ni neno la serikali: lipo katika sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na magazeti hulitumia kila maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapotajwa. Kenya wengi huandika chembechembe za urithi. Kwa sikio, kinasaba ni kizuri mno: kiambishi chetu ki- kimekaa juu ya nasaba, na nasaba ni neno lililokaa pwani karne nyingi, likipima ndoa, likihesabu mababu, likimtofautisha huyu na yule.

Uzuri huo ndio unaonitia wasiwasi. Nasaba ni heshima ya ukoo, na jambo likishapachikwa kwenye nasaba, wakwe husikia aibu ya ukoo. "Ana tatizo la vinasaba" hugeuka kwa wepesi kuwa "kwao wako hivyo". Kisha kuna kazi ambayo neno limeshaizoea: mtu wa kawaida akisikia kipimo cha vinasaba huwaza kesi ya nani ni baba wa mtoto. Fikiria sasa muuguzi wa utafiti aliyebisha hodi nyumbani kwa mama mjamzito akiomba damu "ya kupima vinasaba", na mume yuko barazani anasikia. Kipimo ni cha urefu wa mimba, lakini neno limeleta shaka ya unyumba. Katika wodi ya wazazi nachagua jeni. Kinasaba kikae mahakamani na kwa Mkemia Mkuu, huko kinafanya kazi yake barabara.

Na mfano huo wa kubisha hodi haujatoka mbali. Pemba ni moja ya vituo vitatu vya utafiti wa AMANHI, pamoja na Karachi na Sylhet, ambako damu na vielelezo vingine vya wajawazito vimehifadhiwa ili kuchunguza, miongoni mwa mambo mengine, kwa nini mimba nyingine hazitimu. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko Chake Chake, hukohuko Pemba. Hapa ndipo Kiswahili cha jeni kinapozungumzwa kweli, baina ya mtu na mtu, na mmoja wao ana mimba.

Nifike kwenye neno linalonikosesha usingizi: jina la ile tofauti ndogo iliyomo ndani ya jeni, ambayo mtu mmoja anayo na mwingine hana.

Magazeti husema kasoro ya jeni au hitilafu ya jeni. Haya tuyakatae leo. Mengine husema mabadiliko ya jeni, neno linaloahidi kwamba jeni ilikuwa hivi jana na leo imekuwa vile, ndani ya mwili wa huyuhuyu mama. Sivyo. Alizaliwa nayo, na mama yake huenda alizaliwa nayo. Mgeuko wenyewe, yaani kule kugeuka kwa jeni, ni tukio la siku moja katika historia, kwa mtu mmoja, pengine miaka elfu nyingi iliyopita. Kilichobaki baada ya tukio, kikarithiwa na maelfu, kinahitaji jina la peke yake.

Wanaisimu hutumia kibadala, na wapo wanabiolojia wanaolifuata. Kibadala kimetokana na badala, na badala daima hudai mwenye nafasi: kipo cha asili, na hiki kimesimama mahali pake. Je, katika jeni nani wa asili na nani wa badala? Chukua CYP3A5, jeni ya kimeng'enya kimojawapo kinachoivunja nifedipini, dawa inayotumika kutuliza mikazo. Wazungu wengi sana wana namna ya jeni hii ambayo haitengenezi kimeng'enya kinachofanya kazi. Kwa Waafrika wengi kimeng'enya hicho kinafanya kazi. Ukihesabu vichwa vya Ulaya, Mwafrika ndiye kibadala. Ukihesabu historia, mambo yanapinduka. Neno linalotegemea ni nani aliyeshika daftari si istilahi ya kuaminika.

Napendekeza lahaja. Lahaja ya jeni.

Mswahili hahitaji kufundishwa lahaja ni nini. Kiunguja, Kimvita, Kiamu, Kimtang'ata, Kimakunduchi: zote ni Kiswahili, hakuna iliyo ugonjwa wa nyingine. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Uchaguzi ule haukumaanisha kwamba Kimvita kilikuwa makosa. Ulimaanisha kwamba vitabu vya shule vinahitaji kipimo kimoja. Jenomu nayo ina sanifu yake, ile ambayo kila jenomu nyingine hulinganishwa nayo, na takriban asilimia 70 ya sanifu hiyo imetoka kwa mtu mmoja asiyetajwa jina, aliyejitolea katika mji wa Buffalo, Marekani. Akipatikana mwanamke wa Wete, Pemba, ambaye herufi yake moja inatofautiana na ya mtu huyo wa Buffalo, maabara huandika tofauti. Tukiita lahaja, tumesema ukweli mtupu: anazungumza vingine, na anaeleweka. Tukiita kasoro, tumemshitaki kwa kutozaliwa Buffalo.

Atakuja mwenye kusema kwamba lahaja ni ya ulimi tu. Nakubali kwamba Waarabu walipotupa neno hili lilihusu usemi. Lakini jeni tayari tunazisema kwa lugha ya lugha: zina herufi, zina msimbo, zinasomwa, zinanakiliwa. Lahaja haiingii ugenini. Na ule utajiri wote wa tofauti katika watu wote tuuite anuwai ya jeni, kama tunavyosema bioanuwai. Anuwai ni bahari nzima ya tofauti. Lahaja ni tofauti hii moja, ya jeni hii moja. Anuwai hiyo ni kubwa zaidi barani Afrika kuliko kwingineko kokote duniani. Kwa hiyo orodha ya lahaja iliyotoka kwa wanawake 43,568 wenye asili ya Ulaya ni mwanzo mzuri, na bado ni mwanzo.

Kama kuna anayedhani kwamba katika uzazi lahaja lazima iwe njema au mbaya, amtazame mwanamke wa Ulaya na jeni yake ya kipokezi cha projesteroni. Mwaka 2020 Hugo Zeberg, Janet Kelso na Svante Pääbo walionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu barani humo ana lahaja ya jeni hiyo iliyotoka kwa watu wa Neanderthal. Lahaja hiyo ilikuwa imeshahusishwa na kuzaa kabla ya wakati. Wao wakaikuta kwa wanawake wanaopoteza mimba mara chache zaidi na wanaovuja damu kidogo zaidi mimba ikiwa changa. Lahaja ileile, sura mbili. Kasoro gani hiyo inayolinda mimba?

Projesteroni ni jina lililoundwa kwa Kilatini cha kubeba. Sisi husema kulea mimba, na sijui lugha iliyotamka jambo hili kwa upole zaidi. Mtoto hulelewa kabla hajazaliwa. Homoni ya kulea mimba: mkunga ataelewa, mama ataelewa, na mwanafunzi wa udaktari hatapoteza kitu.

Kitenzi kinachofuata ni kusababisha, nacho kinahitaji kuchungwa kuliko nomino yoyote. "Wagundua jeni inayosababisha njiti." Kichwa cha habari kama hicho ni uongo wa sarufi. Sababu hutosha peke yake. Lahaja hizi hazitoshi. Jenetiki inakadiriwa kuchangia asilimia 25 hadi 40 ya tofauti za muda wa mimba, na kila lahaja moja huvuta siku chache tu. Maambukizi, mapacha, shinikizo la damu, njaa, kazi za sulubu, mimba zilizokaribiana, vyote vimo. Kuchangia ndicho kitenzi cha haki: kila mchangiaji analeta chake, na hakuna mchango mmoja unaoitwa harusi. Pale ambapo hata mchango haujathibitishwa, kuhusishwa kunatosha.

Hatari nayo ipunguzwe. "Una jeni hatari" ni hukumu. "Uwezekano wako ni mkubwa kidogo kuliko wa mwingine" ni maneno marefu, lakini ni ya kweli. Sisi ni watu ambao tukisikia kitu kimeandikwa, husikia kimeandikwa na Mungu. Ukimwambia mama kwamba jambo limeandikwa katika jeni zake, umemwambia lisilozuilika, na huenda akaona kliniki haina faida tena. Jeni zisomwe, zisiandikiwe watu.

Sasa dawa. Hapa Kiswahili kimechanganyikiwa kuliko mahali pengine popote, na mchanganyiko wenyewe ni wa hatari. "Dripu ya uchungu" huanzisha au huongeza utungu. "Dawa ya kutuliza uchungu" kwa wengi ni ya kupunguza maumivu. Ile ya kusimamisha mikazo ya mimba isiyotimu tuiitaje? Wagiriki waliwaachia madaktari jina lililounganisha kuzaa na kulegeza, kutoka tokos, neno ambalo kwao lilikuwa pia na maana ya riba, fedha iliyozaa fedha. Kuzuia ni kuahidi kupita uwezo, kwa sababu dawa hizi haziifikishi mimba wiki ya 40. Kazi yake kubwa ni kununua saa, kwa kawaida kama 48, ili sindano za mapafu zifanye kazi na mama afikishwe kwenye hospitali yenye uwezo wa kumtunza kichanga. Kwa hiyo: dawa za kuahirisha utungu. Kuahirisha kunakiri kwamba siku yenyewe itafika.

Sindano za mapafu zenyewe huitwa za kukomaza. Komaa ni la mahindi, ni la uso uliozeeka kabla ya umri. Lina ugumu ndani yake. Mapafu hayatakiwi kuwa magumu, yanatakiwa yaweze kutanuka. Pevuka ni bora: yai hupevuka, akili hupevuka, mwezi mpevu hujaa. Sindano za kupevusha mapafu. Kazi hiyo ilianza Auckland, ambako Graham Liggins na Ross Howie walichapisha jaribio lao mwaka 1972, na mwaka 2020 jaribio la Shirika la Afya Duniani lililohusisha Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh lilithibitisha kwamba deksamethasoni, mojawapo ya sindano hizo, huokoa watoto hata katika hospitali zisizo na kila kitu.

Dawa moja, wanawake wawili, matokeo mawili. Hilo ndilo swali la jenetiki ya dawa, na Kiswahili kilishalijibu kwa kitenzi chake kabla Friedrich Vogel hajaipa fani hiyo jina mwaka 1959: dawa imemkubali, dawa imemkataa. Nalipenda neno hili kwa dhati. Halimlaumu mgonjwa. Linganisha na "mgonjwa ameshindwa matibabu", sentensi ninayoikuta katika tafsiri na inayostahili kufutwa kila inapoonekana, kwa sababu kilichoshindwa ni dawa.

Istilahi ya fani iwe mwitikio. Aitwaye huitika: labeka, naam, abee. Dawa huita, kipokezi husikia, mwili huitikia. Kipokezi cha beta-2 kinatoka kwenye jeni ya ADRB2, na katika nafasi ya 16 ya protini yake wengine wana arginini, wengine glaisini. Dawa za kuahirisha utungu za jamii ya terbutalini na ritodrini huita kwenye kipokezi hicho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba wanawake waliorithi arginini kwa wazazi wote wawili walipata matokeo bora zaidi baada ya dawa za jamii hiyo. Hali hiyo ya kurithi lahaja ileile kutoka pande zote mbili tuiite jozi sawa. Aliyerithi mbili tofauti ana jozi mseto. Maneno haya mawili mafupi yanaondoa sentensi nzima ya maelezo.

Kimeng'enya nilikitaja juu juu, na hakistahili kupitwa hivyo. Kumeng'enya ni kuvunja kitu vipandevipande. Aliyeliunda neno hili, badala ya kuazima enzaimu, alitazama kazi ya kitu akakipa jina la kazi yake. Mama mwenye vimeng'enya vyepesi huivunja nifedipini kabla haijakaa damuni muda wa kutosha. Mwenye vimeng'enya vizito hubaki nayo muda mrefu. Vyepesi na vizito vinatosha. Hatuhitaji zaidi.

Mwitikio hutufundisha pia kuwa waangalifu tunapoahidi. Marekani iliruhusu mwaka 2011 sindano ya projesteroni iliyotengenezwa maabara, ikiitwa Makena, kwa wanawake waliowahi kuzaa kabla ya wakati. Mwaka huohuo watafiti walionyesha kwamba lahaja za jeni ya kipokezi cha projesteroni huenda zinabadili mwitikio wa mama kwa sindano hiyo. Jaribio kubwa la baadaye halikuthibitisha faida, na mwaka 2023 ruhusa ikaondolewa. Kwa miaka 12 dawa ile iliitwa ya kuzuia. Kama ingeitwa ya kujaribu kulea mimba, jina lisingeuma hivyo lilipovuliwa.

Na fani yenyewe? Famakojenetiki itakaa vitabuni, haina ubaya. Kwa umma nashauri tibajeni: tiba inayotazama jeni za mtu kabla ya kumpa dawa. Tiba tunaijua, jeni tumeipokea, na muungano wake ni mfupi kutamkwa kuliko ufafanuzi wake.

Msomaji, mlinzi mwenzangu wa lugha, maneno haya siyatumi kamatini kwanza. BAKITA na BAKIZA watayapima kwa wakati wao, kama ilivyo haki yao. Ombi langu ni kwa mtu mmoja aliye karibu zaidi: yule anayetayarisha fomu ya ridhaa ya utafiti ujao wa wajawazito, Pemba, Kilifi au Mwanza. Kabla hajaipiga chapa, amsomee kwa sauti mkunga wa zamu na mama mmoja aliyezaa njiti. Kila watakapokunja uso, neno hilo alitoe.